Halsey na kimbunga cha Desemba 1944: kosa lililoanzia kwenye matangi

Tarehe 18 Desemba 1944, katika Bahari ya Ufilipino, jeshi la wanamaji la Marekani lilipoteza manowari tatu na watu wapatao 790 ndani ya saa chache. Torpido haikuhusika, wala bomu la Kijapani. Hull, Monaghan na Spence, zote destroya (manowari ndogo za kasi), zilipinduliwa na upepo na mawimbi zikiwa sehemu ya kundi kubwa mno la vita: meli 13 za kubebea ndege, manowari 8 za mizinga mizito, kruza 15 (manowari za ukubwa wa kati), destroya zipatazo 50, na meli za mafuta za kuzilisha zote hizo. Aliyeliongoza ni Admirali William Halsey, mtu mwenye miaka 40 ya utumishi, ambaye sehemu kubwa ya utumishi huo aliipitisha juu ya sitaha za destroya.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kuwa ni kisa cha utabiri mbovu wa hali ya hewa. Utabiri ulikuwa mbovu, hilo halina ubishi. Lakini ukikifuata saa kwa saa unakuta kwamba manowari zile zilishaingizwa hatarini tangu mchana wa tarehe 17, wakati nafasi ya kuchagua bado ipo. Kilichoziingiza ni matangi matupu, pamoja na ahadi ambayo kamanda hakuwa radhi kuivunja.

Mtu mwenyewe

Halsey alizaliwa Elizabeth, New Jersey, tarehe 30 Oktoba 1882, baba yake akiwa ofisa wa majini. Alihitimu Chuo cha Wanamaji cha Annapolis mwaka 1904, akazunguka dunia na manowari Kansas katika msafara mkubwa wa 1907 hadi 1909, kisha akaingia kwenye destroya na kukaa huko miaka mingi. Katika vita vya kwanza vya dunia alisindikiza misafara akitokea Queenstown, Ireland, na kupewa nishani ya Navy Cross. Destroya humfundisha ofisa kuamua haraka, kukaribia adui na kutokaa akisubiri, na mafunzo hayo hayakumtoka Halsey maisha yake yote.

Mwaka 1934, akiwa ameshavuka miaka 50, alikwenda Pensacola kujifunza kurusha ndege ili aruhusiwe kuongoza meli ya kubebea ndege. Alipata mabawa yake mwaka uliofuata akiwa na miaka 52, akakabidhiwa Saratoga. Aprili 1942 ndiye aliyeongoza kundi lililowapeleka marubani wa Doolittle kwenda kuipiga Tokyo. Ugonjwa wa ngozi ulimnyima vita vya Midway, na nafasi yake ikachukuliwa na Raymond Spruance. Oktoba mwaka huohuo alipewa uongozi wa Pasifiki ya Kusini, wakati mapigano ya Guadalcanal yakiwa yamekwama, naye akawainua wapiganaji waliokuwa wamekata tamaa.

Jambo la karibu zaidi na kisa chetu ni la Oktoba 1944, karibu wiki nane tu kabla ya kimbunga. Katika vita vya Ghuba ya Leyte, Halsey alizifuata kaskazini meli za ndege za Wajapani zilizowekwa kama chambo, akaacha mlango wa bahari wa San Bernardino bila mlinzi. Manowari za Admirali Kurita zikapita humo na kuangukia meli ndogo za Marekani zilizokuwa zikiwalinda wanajeshi wa nchi kavu wa Jenerali MacArthur karibu na kisiwa cha Samar. Kurita aligeuka mwenyewe na balaa kubwa likaepukwa, lakini lawama zilibaki. Mtu ambaye ameshaambiwa mara moja kwamba aliwaacha wenzake wa nchi kavu hatakuwa mwepesi kuwaacha mara ya pili. Kwa maoni yetu, bila kuikumbuka Oktoba, maamuzi ya Desemba hayaeleweki vizuri.

Tarehe 17: mafuta yanakataa kuingia

Majeshi ya MacArthur yalitua kisiwa cha Mindoro tarehe 15 Desemba. Kazi ya Halsey ilikuwa kuvibana viwanja vya ndege vya kisiwa cha Luzon ili ndege za Wajapani zisiruke. Ndege zake zilifanya kazi hiyo tarehe 14, 15 na 16, na alikuwa ameahidi kurudi kushambulia tarehe 19. Siku tatu za mwendo wa kasi ziliyakausha matangi ya destroya. Manowari kubwa ina mafuta ya kutosha wiki nyingi, destroya haina. Kufikia asubuhi ya 17, Spence, Hickox na Maddox zilikuwa zimebakiwa na asilimia 10 hadi 15 tu ya mafuta.

Kujaza mafuta baharini ni kazi ya ubavu kwa ubavu. Meli mbili hushika mwelekeo mmoja na mwendo mmoja wa polepole, makumi machache tu ya mita baina yao, kisha waya mzito huvutwa kutoka meli moja hadi nyingine na mpira wa mafuta huning'inizwa juu yake. Mshika usukani wa chombo kidogo hurekebisha kila sekunde, kwa sababu maji yanayobanwa katikati huvisukuma na kuvivuta vyombo. Bahari ikiwa na wimbi la upande mmoja, kazi hufanyika. Ikija na mawimbi marefu kutoka upande mmoja na mawimbi ya upepo kutoka upande mwingine, chombo kidogo hupanda wakati kikubwa kinashuka, waya hukazika kama uzi wa gitaa, na mpira hukatika.

Ndivyo ilivyokuwa. Upepo wa kaskazini mashariki ulivuma kwa noti 20 hadi 30 (maili za baharini kwa saa) na mawimbi yalikuwa yamepishana. Spence, chombo cha tani zipatazo 2,050, ililetwa ubavuni mwa New Jersey, manowari ya tani 45,000 iliyombeba Halsey mwenyewe. Mipira ikakatika. Kwa meli nyingine taarifa zilikuwa zilezile: mipira imepasuka, waya zimekatika, vyombo vimenusurika kugongana. Karibu saa 7 mchana Halsey aliamuru kazi isimame, na akataja mahali pa kukutana kesho yake saa 12 asubuhi ili waanze upya.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Mahali pale pa kukutana palibadilishwa mara mbili kabla ya usiku kuisha: kwanza palikuwa kaskazini magharibi, pakahamishiwa kusini, kisha kaskazini tena. Kila mara lengo lilikuwa kupata bahari tulivu ya kujazia mafuta bila kwenda mbali na Luzon, ili ahadi ya 19 itimie. Ofisa wake wa hali ya hewa, Kamanda George Kosco, alikadiria kwamba dhoruba iko maili 450 hivi mashariki na kwamba ingekutana na hewa baridi na kugeuka kuelekea kaskazini mashariki. Ukweli ni kwamba ilikuwa karibu zaidi kuliko hapo, ndogo kwa upana, kali mno katikati, na ilikuwa ikija. Kundi lilikwenda magharibi, kimbunga nacho kikaja nyuma yake kwa njia karibu ileile.

Je, dalili hazikuwepo? Zilikuwepo, tena za kanuni ya zamani ambayo kila nahodha aliifanyia mtihani. Simama ukiutazama upepo: kaskazini mwa ikweta kitovu cha kimbunga kiko kuliani kwako, nyuma kidogo. Upepo ukitoka kaskazini mashariki, kitovu kiko kusini mashariki. (Kusini mwa ikweta kanuni hugeuka, kitovu kiko kushoto. Wavuvi wa Mafia na Kilwa waliokipata kimbunga Hidaya Mei 2024 wanahitaji kanuni hiyo ya pili, si hii ya Halsey.) Ukiongeza na kipimahewa kinachoshuka pamoja na mawimbi marefu yasiyolingana na upepo uliopo, umepata picha inayotosha kufanya uamuzi, hata bila ripoti ya ndege. Njia ya usalama ilikuwa kukimbilia kusini moja kwa moja mchana wa 17. Gharama yake ilikuwa kuikosa tarehe 19.

Farumi, na kwa nini haikutiwa

Anayejua jahazi anajua kwamba chombo kilichopakua mzigo hakitoki bandarini bila farumi, yaani uzito wa chini wa kukituliza. Destroya ni hivyohivyo, ila mzigo wake wa chini ni mafuta yenyewe. Matangi yako chini kabisa, karibu na mkuku, uti wa chini wa chombo. Yakijaa, uzito uko chini, na chombo kikiinama hurudi. Yakiisha, uzito uliobaki ni wa juu: mizinga, milingoti, rada, mashua, risasi za kutungulia ndege. Dawa yake ni kuyajaza maji ya bahari matangi yaliyokwisha mafuta.

Tatizo ni kwamba maji yakishaingia lazima yatolewe kabla ya mafuta mapya kupokelewa. Kuyatoa huchukua saa nyingi za pampu, na mabaki ya maji huchafua mafuta na kuzima moto wa bwela, tanuri la kuchemshia mvuke wa injini. Nahodha aliyeambiwa kwamba atajaza mafuta alfajiri ana sababu nzuri ya kuyaacha matangi yake matupu usiku. Akiambiwa hivyo mara tatu mfululizo, atafika asubuhi ya kimbunga akiwa hana mafuta wala maji. Hivyo ndivyo amri za kukutana, kila moja ikiwa na busara yake, zilivyozinyima destroya farumi. Spence ilianza kutia maji asubuhi ya 18, ikiwa imechelewa mno. Kuanza katikati ya dhoruba nako kuna hatari ya pekee, kwa kuwa tangi lililojaa nusu ni baya kuliko tangi tupu: maji hukimbilia upande ulioinama na kuongeza uinamo badala ya kuuzuia.

Hull na Monaghan zilikuwa na hali nyingine. Zilikuwa na mafuta zaidi ya asilimia 70, kiasi ambacho manahodha wao walikiona kinatosha bila farumi. Lakini zote mbili zilikuwa za aina ya Farragut, zilizoundwa kabla ya vita, na miaka ya vita ilikuwa imezipandishia rada, mizinga ya kutungulia ndege na vifaa vingine ambavyo waundaji hawakuvipigia hesabu. Asilimia 70 ya mwaka 1935 haikuwa asilimia 70 ya mwaka 1944. Taarifa hiyo ilitakiwa iwe mezani kwa kila nahodha wa aina ile, nayo haikuwepo kwa namna ya kumfanya achukue hatua.

Tarehe 18

Asubuhi walijaribu tena kujaza mafuta. Haikuwezekana hata kidogo. Karibu saa 2 asubuhi kundi liligeuzwa kusini, na Halsey akamjulisha MacArthur kwamba mashambulizi ya 19 hayatakuwepo. Ahadi ilivunjika hata hivyo, saa 18 au 20 baada ya wakati ambapo kuivunja kungeokoa watu.

Meli ziliendelea kushika nafasi zao katika kundi kwa sehemu kubwa ya asubuhi. Kwa chombo kidogo hilo ni jambo zito, kwa kuwa kushika nafasi ni kushika mwelekeo na mwendo uliopangwa na mwingine, hata kama mwelekeo huo unaupa upepo ubavu wako. Ruhusa ya jumla ya kila meli kufuata mwelekeo unaoifaa ilitoka karibu na saa 6 mchana. Kufikia wakati huo upepo ulikuwa umevuka noti 100, na destroya kadhaa zilikuwa zimeshikwa ubavuni: omo (mbele ya chombo) haliji kwenye upepo wala tezi (nyuma yake) haligeuki, hata usukani ukipinduliwa wote na injini za pande mbili zikiendeshwa kinyume.

Mfululizo wa kuzama ulifanana. Chombo kinalala upande digrii 50, kinarudi. Kinalala digrii 70, kinarudi kidogo tu. Maji yanaingia kwa matundu ya hewa ya juu, yanashuka hadi kwenye mbao za swichi, umeme unapiga shoti. Umeme ukikatika, mota ya usukani inasimama, pampu zinasimama, taa zinazimika. Usukani wa Spence uligoma ukiwa umepinduliwa wote kulia. Chombo kikalala, kikainuka, kikalala tena na hakikuinuka. Hull ilibanwa na upepo ikiwa imelala hadi maji yakamiminika chumba cha usukani na ndani ya dohani (bomba la moshi). Monaghan ilijaribu kutia farumi dakika za mwisho. Zote tatu zilitoweka kati ya saa 5 na saa 6 na kitu mchana. Onyo rasmi la kimbunga kutoka kwa Halsey lilitumwa baada ya hapo.

Dewey, dada ya Hull na Monaghan wa aina ileile ya Farragut, ililala hadi digrii 75 na kupona. Bahari ilimng'oa dohani moja, na kupotea kwa dohani hiyo kulimsaidia, kwa maana upepo ulipoteza kitu cha kusukuma na uzito wa juu ukapungua. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha jinsi tofauti kati ya kuzama na kuelea ilivyokuwa ndogo: tani chache za chuma juu, au tani chache za maji chini.

Meli ndogo za kubebea ndege nazo ziliteseka. Zilijengwa juu ya viunzi vyembamba vya kruza, hivyo ziliyumba sana. Ndani ya Monterey ndege zilikata minyororo, zikagongana, petroli ikawaka chini ya sitaha. Nahodha Stuart Ingersoll alikataa kuitelekeza. Alisimamisha mwendo, akawaacha watu wake wapambane na moto hadi ukazimwa. Mmoja wa maofisa wake alikuwa kijana Gerald Ford, rais wa baadaye, aliyeteleza sitahani na kunusurika kutupwa baharini. Kundi zima lilipoteza au kuharibikiwa ndege 146.

Tabberer

Upande mmoja wa kisa hiki unafundisha ubaharia mzuri. Tabberer ilikuwa chombo kidogo cha kusindikiza, chini ya Luteni Kamanda Henry Plage. Dhoruba iliuvunja mlingoti wake, na redio zikafa pamoja nao. Usiku, mafundi walipokuwa wakifunga antena ya dharura, mmoja aliona taa ndogo majini. Alikuwa mtu wa Hull, na kabla ya hapo hawakuwa na habari kwamba Hull imezama.

Plage hakumkaribia mtu kwa kumwendea moja kwa moja, kwa sababu katika mawimbi yale chombo kingempanda. Alijiweka upande wa juu wa upepo, akageuza ubavu, akauacha upepo uisukume meli hadi kwa mtu. Meli husukumwa haraka kuliko mwogeleaji, kwa hiyo umbali hupungua wenyewe, na ubavu wa meli unamkinga mtu na wimbi. Waogeleaji hodari waliofungwa kamba waliruka kumchukua aliyeishiwa nguvu. Taa kubwa ya kumulika iliwashwa katika maji ya vita, ambapo nyambizi ingeweza kuiona, na alijua hilo. Aliendelea kutafuta hata alipotakiwa kuondoka. Aliokoa 55: 41 wa Hull na 14 wa Spence. Kwa jumla walipona 62 wa Hull, 24 wa Spence, na 6 tu wa Monaghan, waliopatikana na destroya Brown siku tatu baadaye.

Baraza la uchunguzi na barua ya Nimitz

Baraza la uchunguzi lilikaa visiwa vya Ulithi, Pasifiki, kuanzia tarehe 26 Desemba, ndani ya meli ya karakana Cascade, chini ya Makamu Admirali John Hoover. Lilimwona Halsey kuwa mwenye sehemu kubwa ya wajibu kwa hasara ile. Liliyaita makosa yake makosa ya uamuzi, yaliyotokana na mkazo wa vita na nia njema ya kutimiza mahitaji ya kijeshi. Hakuadhibiwa. Uamuzi huo ulikuwa wa haki katika kueleza chanzo, lakini ulipitisha haraka mno lile swali la farumi: amri zilizowafanya manahodha wasubiri zilitoka juu, na wengi waliozitii hawakuwepo kujieleza.

Admirali Chester Nimitz, kamanda wa kundi la Pasifiki na mkubwa wa Halsey, aliliona hilo. Barua yake ya tarehe 13 Februari 1945 kwa kundi lote la Pasifiki inaeleza kwamba redio na ripoti za hali ya hewa ziliwafanya maofisa waache kutazama upepo na kipimahewa chao wenyewe. Aliwaambia manahodha wa vyombo vidogo wasingoje amri kuacha nafasi zao pale usalama wa chombo unapohitaji, na kwamba wakati wa kuchukua tahadhari ni pale ambapo bado inawezekana kuzichukua, hata kama baadaye zitaonekana hazikuhitajika.

Tarehe 5 Juni 1945, karibu na Okinawa, Halsey aliliingiza kundi lake katika kimbunga cha pili. Kruza Pittsburgh ilikatika omo lake lote, zaidi ya mita 30 za chuma. Meli za ndege Hornet na Bennington zilikunjika kingo za mbele za sitaha za kurukia. Ndege 76 zilipotea na watu 6 walikufa. Hoover aliongoza baraza tena, na safari hii walipendekeza Halsey afikiriwe kazi nyingine. Wakubwa wake huko Washington na Guam walimwacha, vita vikiwa ukingoni na jina lake likiwa kubwa mno kwa wananchi. Tarehe 2 Septemba Wajapani walitia saini ya kusalimu amri juu ya Missouri, manowari yake ya uongozi, na Desemba akapewa nyota ya tano. Alifariki mwaka 1959.

Katika kimbunga kile cha Juni hakuna destroya hata moja iliyopinduka. Barua ya Februari ilikuwa imeshawafikia manahodha.